Kutulia si kuvuta pumzi nyingi

Mtu akishikwa na wasiwasi huambiwa, "Vuta pumzi nyingi!" Mara nyingi ushauri huo humzidishia. Mwenye hofu tayari anahema kupita kiasi: oksijeni anayo ya kutosha, anachopoteza ni kaboni dioksidi. Ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo husinyaa, kichwa kikawa chepesi, vidole na midomo ikafa ganzi. Naye, akidhani hewa haimtoshi, huvuta zaidi.

Kinachotuliza ni kutoa pumzi polepole, kwani hapo ndipo mapigo ya moyo hupunguza kasi. Kaa, mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. Vuta kwa pua kwa sekunde 4, kiasi tu. Toa kwa sekunde 6, midomo imebanwa kama anayepuliza kinywaji cha moto. Mkono wa tumboni ndio usogee. Endelea dakika 5. Kizunguzungu kikija, unavuta hewa nyingi mno. Punguza ujazo wa kila pumzi.

Na kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi, kama wengine wanavyoshauri? Achana nako: kama kumbe tatizo ni pumu au moyo, ni hatari. Na maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani ni ya hospitali, mara moja.