Kuhamisha matumizi ya umeme: maana yake kwa nyumba yenye sola

Kuhamisha matumizi ni kutoa kazi inayokula umeme mwingi kwenye saa za uhaba na kuipeleka kwenye saa ambazo umeme umejaa. Kazi haipungui, inabadilisha saa tu. Kwa mwenye paneli juu ya bati, saa za neema ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri.

Hapa Bukavu mama zetu wanalijua jambo hili kwa mihogo. Hakuna anayeianika jioni. Lakini mama huyohuyo anayekimbia kuianua akiona wingu upande wa mlima Kahuzi, usiku atachomeka pasi kwenye bateri bila wasiwasi wowote.

Kwetu Kadutu tuna paneli mbili za wati 300 kila moja na bateri ya volti 12, ampea-saa 200. Ukizidisha unapata wati-saa 2,400. Ila ni bateri ya risasi na asidi, na ukiishusha chini ya nusu kila mara unaiua mapema, kwa hiyo za kutumia ni 1,200 hivi. Pasi yetu ni ya wati 1,000. Kila Jumapili usiku mke wangu alikuwa anapiga pasi mashati meupe ya watoto wanne, friji inanguruma, taa zinawaka. Saa nane usiku inveta, kile chombo kinachogeuza umeme wa bateri uwe wa kuendesha vyombo vya nyumbani, inaanza kulia, pii, pii, kisha giza. Nikailaumu bateri, nikaanza kutafuta pesa ya kuongeza ya pili.

Fundi alipokuja, saa saba mchana, akanionyesha kidhibiti chaji, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye bateri. Bateri ilikuwa imejaa na kidhibiti kimefunga mlango, jua linapiga juu ya bati na hakuna anayelipokea. Umeme wa paneli usipochukuliwa haungoji mahali, unapotea siku hiyohiyo. Nilisikia uchungu kweli. Pasi ikahamia Jumamosi mchana, tukirudi kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi. Paneli zinabeba sehemu kubwa, bateri inaongezea kidogo, na ifikapo saa tisa imejaa tena. Bateri ya pili hatukuinunua.

Friji ndiyo inayohamishika vizuri kuliko vyote. Jaza chupa za maji, ziweke kwenye sehemu ya kugandisha, ziache zigande mchana wakati jua ni kali, kisha usiku zima friji na usiifungue ovyo. Kilo 10 za barafu zikiyeyuka hufyonza joto la takriban wati-saa 900. Barafu hiyo ni akiba yako, na chupa ya plastiki haina bei ya bateri.

Msichanganye kuhamisha na kupishanisha. Kupishanisha ni kutowasha vyombo vizito kwa wakati mmoja, hata mchana. Mota ya friji inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi kuliko ikishatulia kwenye mzunguko, na ikikutana na pasi, inveta ndogo inajizima ingawa bateri imejaa.

Kwa aliyeunganishwa pia na umeme wa mtandao, ule wa mabwawa ya mto Ruzizi, delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, inaweka saa nyingine za neema. Umeme ukirudi saa tano usiku, hapo ndipo pa kuchaji bateri na kuvuta maji tangini.

Kuna visivyohamishika: taa ya mtoto anayesoma jioni, mashine ya mgonjwa wa pumu. Bateri tuliinunua kwa ajili ya hivyo. Tena kuanzia Septemba hadi Mei mvua inaweza kushuka adhuhuri na kuvuruga mpango wote. Kwa hiyo mke wangu haangalii tena saa peke yake, anaangalia taa ya kidhibiti. Ikiwa ya kijani, anatoa pasi. Ikiwa ya njano, mashati yanangoja.