Kabla ya kununua chupa ya mtoto, iangalie shingo yake

Mama akikaribia kurudi kazini baada ya miezi mitatu ya likizo ya uzazi, swali huwa ni lile lile: sista, ninunue chupa gani? Sitaji jina la kampuni. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu vibadala vya maziwa ya mama inakataza kuvitangaza, na chupa na chuchu zake zimo humo. Lakini hata bila sheria, jina halitakusaidia. Ninachotaka uangalie ni kama chupa hiyo inasafishika.

Chagua yenye shingo pana, kuta zilizonyooka na vipande vichache. Madukani utaonyeshwa zenye mirija ndani, vali na pete tatu, ukiambiwa zinazuia gesi tumboni. Mama mmoja aliniletea ya aina hiyo mtoto akiwa anaharisha mara kwa mara. Ilimetameta kwa nje. Nilipofungua pete na kupitisha ukucha chini ya mkunjo wa mpira, ulitoka na utando mweupe wenye harufu ya maziwa yaliyochacha. Na mama huyo alikuwa akiiosha kila siku, kwa sabuni! Burashi yake haikuweza kufika pale, na mafuta ya maziwa hayatoki kwa kusuuza tu. Fikiria pia dada wa kazi atakayeiosha mchana, maji ya mfereji yamekatika na mtungi uliobaki ni mmoja. Chupa ya vipande vitatu ataiosha vizuri. Ya vipande saba, sidhani.

Kuhusu plastiki, igeuze uangalie kitako. Namba 5 ndani ya pembetatu ni polipropilini, na hiyo ndiyo inayofaa. Zile ngumu za zamani, angavu kama kioo, nyingi zilikuwa za polikaboneti yenye bisfenoli A, kemikali ambayo Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011. Kwa hiyo usichukue chupa ya mtumba wala isiyo na alama yoyote, hata kama bei inavutia. Polipropilini nayo hutoa chembe ndogo sana za plastiki ikitiwa maji ya moto, kwa hiyo maziwa ya kopo yakorogee kwenye chombo cha kioo au cha stili, yapoe, ndipo uyamimine kwenye chupa. Chupa ya kioo haina shida hiyo na haichubuki ndani, ila ni nzito, na ikianguka kwenye sakafu ya saruji imekwisha. Mimi hushauri ya kioo ibaki nyumbani na ya plastiki iende safari.

Chuchu anza na ya tundu dogo. Ukiinamisha chupa, maziwa yadondoke tone kwa tone, yasichuruzike. Tafadhali usipanue tundu kwa sindano ya moto au wembe ili uji upite. Nakutana na jambo hili kila mara na linanitia hofu, kwa sababu mtoto hupaliwa kabla hujamfikia. Uji unaopita kwenye chuchu ni mwepesi mno kumshibisha. Akitimiza miezi sita, mpe uji mzito kwa bakuli na kijiko.

Sasa usafi. Osha kwanza kwa sabuni na burashi, kisha uchemshe kila kipande kikiwa kimezama kabisa, bila kiputo cha hewa ndani. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Joto hilo linatosha kuua vijidudu, lakini hesabu dakika 10 kuanzia maji yanapotokota, si unapowasha gesi. Unga wa maziwa ya kopo wenyewe hauna hakikisho la kutokuwa na vijidudu. Uchanganye na maji yasiyopungua nyuzi 70, yaani yaliyochemka na kukaa si zaidi ya nusu saa, halafu yapoze vizuri kabla ya kumpa. Yaliyokaa saa 2 bila kunyweka, mwaga.

Kama maji ni ya shida kwako, au gesi imeisha na makaa ni ghali, acha chupa kabisa. Tumia kikombe kidogo kilicho wazi, ambacho hata Shirika la Afya Duniani hukipendekeza. Hakina kona ya kuficha uchafu. Mkalishe mtoto wima, gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, umwache alambe mwenyewe, usimmiminie. Hata mtoto mchanga huweza.

Na mtoto akienda kwa mama anayelea watoto mtaani, bandika kwenye kila chombo cha maziwa jina la mtoto na saa uliyokamua. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa saa 4 nje kwenye chumba kisicho na joto kali, na siku 4 kwenye friji. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya vuguvugu. Maikrowevu huacha sehemu za moto katikati zinazoweza kumchoma mdomo, kwa hiyo mwambie mlezi mapema.