"Kikaguzi hakikuona kosa": dhana potofu kuhusu ukaguzi wa modeli

Wateja wengi wanaotuletea mifumo yao tuihakiki hawasomi ripoti; huuliza tu kama kikaguzi, yaani programu inayopitia hali zote za modeli, kimekubali, na wakisikia kimekubali, hulihesabu suala la usalama kuwa limekwisha. Dhana hii inanichosha kuliko nyingine zote. Kinachokaguliwa si mfumo wenyewe bali modeli yake, yaani maelezo rasmi yaliyorahisishwa ya mfumo huo, tena kwa sifa zile tu (mambo yanayotakiwa yawe kweli daima) tulizoziandika na chini ya masharti tuliyoyachagua.

Itifaki ya Needham na Schroeder inayotumia funguo za umma, yaani utaratibu wa wahusika wawili kuthibitishana utambulisho mtandaoni, ilichapishwa mwaka 1978, na uchambuzi wa kimantiki uliofuata haukuona shambulio lililokuwa ndani yake, kwa kuwa ulichukulia kwamba washiriki wote ni waaminifu. Mwaka 1995 mtafiti Gavin Lowe alilianika, na hapa wahusika wa mfano ni Alice na Bob: Alice akianzisha mazungumzo na mshiriki halali ambaye ni mwovu, mwovu huyo anaweza kuzipitisha jumbe zake kwa Bob, na Bob akaamini kwamba anazungumza na Alice. Mwaka uliofuata alionyesha jinsi kikaguzi FDR kinavyoligundua shambulio hilo, mara tu modeli inapomruhusu adui kuwa mshiriki kama wengine. Dawa yake ilikuwa ndogo, yaani Bob ataje jina lake katika jibu. Hata hivyo Lowe hakuridhika na kikaguzi kukubali itifaki iliyorekebishwa, maana modeli ilikuwa na washiriki wachache tu. Alitoa pia hoja ya kihisabati kwamba shambulio lolote katika mfumo mkubwa lingeonekana katika ule mdogo.

Kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi. Chukua sifa isemayo kwamba kila ombi hatimaye hujibiwa. Ikiwa sharti ulilokosea kuliandika linazuia ombi lolote lisitokee, sifa hiyo itakuwa kweli daima, na kikaguzi kitakubali bila kusita. Kwa hiyo, kabla sijaamini matokeo yoyote, huandika kwanza sifa ya uongo kwa makusudi, "ombi halitokei kamwe", kisha nasubiri mfano kinzani, yaani mwenendo wa modeli unaoivunja sifa hiyo. Usipokuja, modeli ni mbovu, na aliyeniletea ripoti ya kurasa nyingi bila jaribio hili nitamrudishia bila kuisoma.

Wapo wanaosema kwamba majaribio ya kawaida yanatosha. Michakato miwili yenye hatua 10 kila mmoja inaweza kupishana kwa njia 184,756. Majaribio yatapita katika chache kati ya hizo, na mara nyingi ni zilezile.

Wapo pia wanaodai kwamba mlipuko wa hali, yaani idadi ya hali ambazo mfumo unaweza kuwamo kukua kupita kiasi, umeifanya mbinu hii isifae nje ya darasa. Mlipuko upo, lakini tangu mwaka 1990 uwakilishi wa kiishara, yaani kueleza makundi makubwa ya hali kwa fomula, umewezesha kukagua mifumo yenye hali zaidi ya 10²⁰ bila kuziorodhesha moja moja, na viwanda vya vichakataji vimeutumia kwa miaka mingi.

Ama dai kwamba kazi hii ni ya wanahisabati pekee, nalijibu kwa ufupi: mhandisi aliyezoea kufuatilia kumbukumbu za seva anaweza kuusoma mfano kinzani, kwa kuwa mara nyingi ni orodha ya hatua kuanzia hali ya mwanzo hadi mahali mfumo ulipovunja sifa.