Je, wajua hamira iliwahi kutumika kutengeneza dawa ya malaria?

Agosti 2014 kampuni ya dawa ya Ufaransa, Sanofi, ilitangaza kwamba inapeleka Afrika dozi milioni 1.7 za dawa mseto ya malaria. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwa miongoni mwa nchi zilizopangiwa mzigo huo. Vidonge vyenyewe havikuwa na jambo geni: artesuneti na amodiakwini, dawa ambayo Warundi walishaizoea. Kilichobadilika ni asili ya artesuneti. Haikutoka shambani. Ilianzia kwenye matangi ya hamira, ya jamii ile ile inayoumua maandazi.

Inawezekanaje? Na kama iliwezekana, kwa nini leo dawa mseto inayouzwa madukani bado inategemea majani ya mmea?

Mmea wenyewe ni artemisia, wa ukoo wa pakanga, wenye harufu kali na asili yake ni China. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, kwa sababu ugonjwa huo ulikuwa ukiwamaliza wanajeshi wa Vietnam ya Kaskazini vitani. Mtafiti Tu Youyou alipekua vitabu vya tiba za kale, akakuta maelekezo ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4: loweka majani haya kwenye maji, kamua, kunywa. Hakuna mahali palipotajwa kuchemsha. Tu akashuku kwamba joto ndilo linaloharibu kiini cha dawa, akajaribu kukitoa kwa etha, kimiminika ambacho huchemka kwa joto dogo sana, na mwaka 1972 kiini kikapatikana. Yeye na wenzake waliinywa kwanza wao wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Tuzo ya Nobeli alikuja kuipata mwaka 2015.

Kiini hicho, artemisinini, mmea hukitoa kwa uchoyo. Ukipata kilo moja kutoka kilo 100 za majani makavu umefanya vizuri, na toka mbegu kupandwa hadi kidonge kufika zahanati hupita zaidi ya mwaka. Hilo halikumsumbua mtu wakati klorokwini ilipokuwa ikifanya kazi. Lakini klorokwini ilikufa nguvu, SP, dawa ya jamii ya Fansidar, nayo ikaanza kufuata, na mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa mseto zenye artemisinini. Zanzibar ilianza mwaka 2003, Kenya ikabadili mwongozo wake mwaka 2004, Tanzania Bara ikahamia ALu, mojawapo ya dawa mseto hizo, mwishoni mwa 2006. Ghafla kila nchi ikawa inataka majani. Bei ya artemisinini ilipita dola 1,000 kwa kilo mwaka 2005. Wakulima wakapanda kwa wingi, China, Vietnam na nyanda za juu za Afrika Mashariki, na kiwanda cha kuchuja kikafanya kazi Athi River nchini Kenya. Majani yakajaa sokoni, na kufikia 2007 bei ilikuwa imeporomoka hadi chini ya dola 200. Wengi wakaachana na zao hilo. Miaka minne baadaye majani yakaadimika, bei ikapaa tena.

Dawa ya kuokoa watoto haiwezi kutegemea bei inayoruka namna hiyo. Hiyo ndiyo hoja iliyompa nguvu Jay Keasling, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye mwenyewe alikulia shambani Nebraska. Desemba 2004 mfuko wa Gates ulitoa dola milioni 42.6 kwa mradi uliojumuisha maabara yake, kampuni changa iliyoitwa Amyris na shirika la dawa lisilo la faida. Kazi yao: kuifanya hamira itoe kile ambacho artemisia hutoa.

Hamira hula sukari. Gesi na pombe tunavijua, lakini humo ndani hujitengenezea pia vitu vya kujengea mwili wake, kimojawapo ni mafuta yaitwayo ergosteroli yanayokaa kwenye utando wa seli. Katika safari ya kutengeneza ergosteroli, seli ya hamira hupitia kemikali moja ambayo artemisia nayo huipitia ikitengeneza artemisinini. Viumbe hivi viwili visivyofanana kwa lolote huanza kazi kwa hatua zile zile, kisha huachana. Wanasayansi wakafanya kama mgawa maji wa mfereji: wakabana njia inayokwenda kwenye ergosteroli, bila kuifunga kabisa maana seli ingekufa, na maji wakayaelekeza kwenye mfereji mpya. Mfereji huo ni jeni za artemisia, zilizosomwa, zikatengenezwa upya kwa namna ambayo hamira inaielewa, na kupachikwa kwenye vinasaba vyake.

Kufanikisha jambo mara moja maabara si sawa na kujaza kiwanda. Mwaka 2006 walitangaza kwamba hamira yao inatoa miligramu 100 za asidi ya artemisini, malighafi ya artemisinini, kwa kila lita. Ilichukua miaka saba ya kuongeza jeni hapa na kupunguza nguvu ya nyingine pale hadi kufikia gramu 25 kwa lita. Tena hamira inaishia hapo kwenye asidi. Hatua za mwisho zilifanywa na wakemia wa Sanofi mjini Garessio, Italia, wakitumia oksijeni na taa kali. Mei 2013 Shirika la Afya Duniani likaidhinisha artemisinini hiyo itumike kwenye dawa.

Kuhamisha jeni kutoka kiumbe kimoja hadi kingine lilikuwa jambo la zamani. Insulini inayotengenezwa na bakteria iliruhusiwa Marekani tangu 1982, na wagonjwa wa kisukari hawakuulizana sana imetoka wapi. Biolojia sanisi, kama fani hii inavyoitwa, inataka zaidi ya jeni moja. Inataka kubuni mnyororo mzima wa hatua, kuukadiria, kuujenga, kuupima na kuujenga tena, mtindo wa wahandisi. Mwaka 2010 kikundi cha Craig Venter, mwanasayansi wa Marekani, kilikwenda mbali zaidi: vinasaba vyote vya bakteria mmoja, herufi zaidi ya milioni moja, viliundwa maabara kutokana na taarifa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, vikaingizwa kwenye seli ya bakteria wa aina nyingine, na seli ikaishi na kuzaana. Magazeti yakasema binadamu ameumba uhai. Si kweli kabisa, kwa kuwa seli iliyopokea vinasaba hivyo ilikuwa hai tayari. Ila unaelewa kwa nini watu walishtuka.

Ukileta habari hizi kijiweni, swali la kwanza ni lile lile: kidudu hicho kikitoroka je? Kwa hamira ya dawa, hofu hiyo mimi hainisumbui. Hamira iliyobebeshwa kazi ya kutoa kemikali isiyomfaa yeye mwenyewe hudhoofika; ikimwagika nje inakutana na ndugu zake wa porini ambao hawana mzigo huo, nao wataimaliza kwa ushindani wa chakula. Wengine hupinga kwa sababu za imani, kwamba tunaingilia kazi ya Mungu. Hilo ni suala ambalo takwimu hazilimalizi, na mwanasayansi anayelicheka hujipunguzia wasikilizaji bure.

Hofu iliyokuwa na mashiko tangu mwanzo ni ya mkulima. Kikundi cha ETC cha Canada, kinachofuatilia athari za teknolojia mpya, kilipaza sauti mapema: makumi ya maelfu ya wakulima wadogo wa artemisia wataishi vipi kama kazi yao itahamia kwenye matangi Ulaya? Wenye shauku na teknolojia waliwaona kama watu wa kupinga maendeleo. Lakini mtu aliyekulia Tanga au Nakuru hahitaji kuelezwa. Katika miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, ikiongoza dunia. Kamba za plastiki zikaingia, uendeshaji wa mashamba nao ukayumba, na mji mzima wa Tanga ukaonja matokeo. Pareto ina kisa cha karibu zaidi na malaria. Miaka ya 1970 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, waliiga kemikali ya ua la pareto na kupata permethrini na deltamethrini, ambazo ndizo zimekuwa zikitiwa kwenye vyandarua tunavyolalia. Vyandarua hivyo vimeokoa watu wengi mno. Kenya, iliyokuwa ikilisha sehemu kubwa ya soko la pareto duniani, ilibaki na vikaushio vitupu, ingawa bodi iliyochelewesha malipo ya wakulima nayo ina sehemu yake ya lawama. Hiyo ilikuwa kemia, wala haikuhusu jeni, lakini mwenye shamba haoni tofauti.

Basi hamira ilimmaliza mkulima wa artemisia? Hapana. Sanofi iliuza artemisinini yake bila faida, na Amyris na chuo hawakudai mrabaha, hata hivyo bei haikushuka chini ya dola 350 hivi kwa kilo. Wakati huo huo mashamba yalikuwa yamezalisha kupita kiasi na artemisinini ya majani ikashuka chini ya dola 250. Wenye viwanda vya vidonge walinunua ya bei nafuu, na wengine hawakupenda kumnunulia malighafi Sanofi, ambaye ni mshindani wao. Mtambo wa Garessio wenye uwezo wa tani 60 kwa mwaka haukutoa hata kilo moja mwaka 2015. Sanofi ikauuza kwa kampuni ya Huvepharma ya Bulgaria. Amyris nayo iligeuza ufundi wake kwenye mafuta ya magari huko Brazil, kisha kwenye vipodozi, na Agosti 2023 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Kwa hiyo ahadi ilizidishwa, na hofu nayo. Nani angetabiri kwamba hamira ya mamilioni ya dola itashindwa bei na majani yaliyoanikwa juani? Lakini ushindi huo wa mkulima nao ni wa mashaka, maana ulitokana na bei iliyomuumiza yeye mwenyewe.

(Artemisia ilipata umaarufu wa aina nyingine mwaka 2020, Madagascar ilipotangaza kinywaji chake dhidi ya korona na Tanzania ikatuma ndege kukichukua. Chai ya majani hayo si tiba ya malaria: kiasi cha dawa ndani yake hakijulikani, na dozi pungufu humzoesha kimelea cha malaria dawa.)

Zipo hofu nyingine zinazostahili kuchukuliwa kwa uzito zaidi ya zinavyochukuliwa. Mwaka 2015 maabara ya Christina Smolke, Stanford, ilitangaza hamira yenye jeni zaidi ya 20 za ziada inayotoa dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Vichwa vya habari vikatabiri morfini ya kupikwa nyumbani. Kiasi kilichotoka kilikuwa kidogo hivi kwamba dozi moja ingehitaji maelfu ya lita. Hilo liliweza kusubiri. Lililonitia wasiwasi mimi ni la Januari 2018: watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walieleza walivyounda upya virusi vya ndui ya farasi, ndugu wa ndui ya binadamu, kwa vipande vya DNA walivyoagiza kwa kampuni kama mtu anavyoagiza vipuri. Kampuni nyingi za aina hiyo hukagua maagizo kuona kama kuna kipande cha kidudu hatari. Wengi hufanya hivyo kwa hiari, na asiyetaka kukaguliwa anaweza kumtafuta muuzaji asiyeuliza. Desemba 2024 wanasayansi 38, baadhi yao wakiwa wamewahi kuitamani kazi hiyo, waliandika katika jarida la Science wakitaka isitengenezwe bakteria ambaye molekuli zake zimegeuzwa kama taswira ya kwenye kioo, kwa sababu kinga za miili yetu huenda zisimtambue kabisa. Wenye fani kujizuia kabla ya kitu kuwepo ni jambo adimu.

Kwa Afrika Mashariki mjadala sasa umehamia kwa mbu. Bagamoyo, Taasisi ya Afya ya Ifakara ikishirikiana na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na Imperial College ya London imetengeneza mbu wa hapa hapa wanaobeba jeni za kudumaza vimelea vya malaria, nao wamejaribiwa kwa vimelea kutoka kwa wagonjwa wa Tanzania. Lengo la baadaye ni jeni hizo zijisambaze zenyewe kizazi hadi kizazi. Kwa sasa mfumo wa jeni unaoziwezesha kujisambaza umetenganishwa vipande, na mbu wamo ndani ya maabara yenye ulinzi. Hamu ya kuharakisha inaeleweka: malaria iliua watu wapatao 597,000 mwaka 2023, na vimelea vinavyostahimili artemisinini vimeshaonekana Rwanda, Uganda na Kagera.

Tofauti na hamira ni kwamba mbu huyu akishafanya kazi kama alivyokusudiwa, hawezi kuzimwa kama tangi la Garessio, na hapiti kituo cha forodha. Akiachiwa Kagera, Mrundi na Mganda wamo kwenye jaribio. Burkina Faso, ambako Target Malaria, mradi wa utafiti wa mbu waliobadilishwa jeni, uliachia mbu dume tasa katika kijiji cha Bana mwaka 2019 baada ya miaka ya vikao na wanakijiji, serikali ilisimamisha shughuli zote za mradi huo Agosti 2025. Wanakijiji walikuwa wameulizwa. Maneno yaliyousimamisha yalitoka mijini, kwenye mitandao na vyama vya kiraia, kwa watu waliosema mradi unamilikiwa na wageni. Bagamoyo watafiti wenyewe ni Watanzania na mbu wametengenezwa nchini, lakini nani atasaini ruhusa ya kuwaachia, na nchi ngapi jirani zitatakiwa kusaini naye, bado hakijaamuliwa.