Je, wajua kwa nini tapeli wa dawa huitwa muuza mafuta ya nyoka?

Minada ya Dodoma, Msalato ukiwemo, haikosi mtu mwenye kipaza sauti na chupa zilizopangwa juu ya turubai. Dawa moja, anasema, inatibu kiuno, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Akiwa mwongo, sisi tunamwita tapeli au kanjanja. Wamarekani humwita muuza mafuta ya nyoka, na jina hilo limetokana na mambo yaliyotokea kweli.

Miaka ya 1860, maelfu ya vibarua wa Kichina walijenga reli ya kuvuka Marekani. Inasimuliwa kwamba walichua viungo vyao kwa mafuta ya nyoka wa majini, tiba ya jadi kwao. Mafuta hayo yana omega-3 kwa wingi, aina ya mafuta ambayo husaidia kupunguza uvimbe. Kwa hiyo tiba yenyewe haikuwa upuuzi, na hapo ndipo matapeli walipopata mlango.

Akatokea Mmarekani Clark Stanley, muuza dawa aliyejiita Mfalme wa Nyoka. Mwaka 1893, wakati wa maonesho makubwa ya Chicago, alimpasua nyoka hai mbele ya umati, akamchemsha na kuengua mafuta yaliyoelea. Watu wakagombania chupa zake.

Mwaka 1906 Marekani ikatunga sheria ya vyakula na dawa. Takribani miaka 10 baadaye wakaguzi wakapima mafuta ya Stanley: mafuta mepesi ya petroli, asilimia moja hivi ya mafuta ya mnyama, huenda ng'ombe, na pilipili. Nyoka hakuonekana. Stanley akatozwa faini ya dola 20 tu, adhabu ndogo mno kwa mtu aliyechuma kwenye maumivu ya wengine.

Huenda pilipili ile ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Ukiipaka, ngozi inapata moto, na mwenye goti linalouma anaamini dawa imeingia. Hata leo mnadani, dawa ya kuchua huonjeshwa bure mkononi kwanza, na joto hilo halithibitishi kwamba ugonjwa unatibiwa.

Kwetu, dawa za kisasa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na za asili na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kabla hujatoa hela, mwombe muuzaji akuoneshe usajili wa dawa yake.