Baudi si biti

Modemu ya simu, kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu, ya baudi 56,000 haikuwahi kutengenezwa. Hata hivyo maneno hayo hayakosi katika maelezo ya kugeuza kompyuta ya Linux kuwa seva ya kupokea simu nyumbani, na humpoteza msomaji akifika kwenye mstari wa `speed` wa mgetty, programu inayopokea simu za modemu.

Baudi ni idadi ya mara ambazo ishara inaweza kubadilika katika sekunde moja. Biti kwa sekunde ni kiasi cha data kinachobebwa na mabadiliko hayo.

Jina limetokana na Émile Baudot, mtu wa telegrafu wa Ufaransa, aliyepata hataza ya mfumo wake mwaka 1874. Kila herufi ilikwenda kwa vipigo vitano vya muda sawa, kila kipigo kikiwa na hali mbili tu, jumla michanganyiko 32. Kipigo kimoja, biti moja: ndiyo maana vipimo hivi viwili vilionekana kitu kimoja. Modemu ya awali ya Bell 103 bado ilikuwa hivyo, baudi 300 na biti 300. Kisha vikaachana. V.22bis, mojawapo ya viwango vya modemu vilivyofuata, ilipitisha biti 2,400 kwa baudi 600, yaani biti nne katika kila ishara. V.34 ikafikia biti 33,600 kwa baudi 3,429. Isingewezekana vinginevyo, kwani laini ya sauti hupitisha takriban hezi 300 hadi 3,400; haiwezi kugeuka mara 33,600 kwa sekunde.

Na hiyo 56,000 ya kiwango cha V.90 ni biti pia, tena hutoka upande mmoja tu, ule uliounganishwa kidijitali na mtandao wa simu. Seva ya nyumbani yenye laini ya kawaida ya shaba haina upande huo. Hata ukinunua modemu mbili za V.90, kati yao hazitavuka 33,600.

Sasa ile `speed`. Waya wa RS-232 kati ya kompyuta na modemu una hali mbili, kama wa Baudot, kwa hiyo hapo baudi 115,200 ni biti 115,200 kweli. Kila baiti huongezewa biti ya kuanza na ya kumaliza, zinakuwa 10: baiti 11,520 kwa sekunde. Wengi huishusha hadi 19200 "ilingane na modemu", wakainyima nafasi V.42bis, mbinu ya modemu ya kubana data, ambayo hubana maandishi hadi mara nne. Iache `speed 115200`, na katika `/etc/ppp/options.ttyS0` weka `crtscts`, yaani udhibiti wa mtiririko kwa nyaya za RTS na CTS. Pasipo hiyo modemu haina njia ya kuiambia kompyuta isubiri: bafa hujaa, baiti hupotea, na fremu zilizoharibika hutupwa. Kuingia kunakubali, faili kubwa linakwama. Kagua pia UART, chipu ya mlango wa serial wa kompyuta, kwa amri ya `setserial`. Aina ya 16450 hushika baiti moja tu, 16550A hushika 16.

Logi ikisema `CONNECT 115200`, hiyo ni kasi ya waya wako mfupi wa mezani. Kwenye modemu nyingi za chipu za Rockwell, amri ya `ATW2` huifanya modemu itaje kasi ya laini yenyewe, mathalani 31200. Mtu akikuuliza seva yako ni ya baudi ngapi, mtajie hiyo, kisha umwongezee kwa upole: biti kwa sekunde.