Wasiwasi si ugonjwa wa wenye nacho

Pale mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa jijini Mwanza, utasikia: "Hayo ya wasiwasi ni magonjwa ya Wazungu na watu wa maofisini. Sisi wa dagaa muda wa kuumwa mawazo tutautoa wapi?" Maneno matamu, ila si kweli.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 waliishi na magonjwa ya wasiwasi, yaani karibu 4 katika kila 100. Wasiwasi wa jumla ni aina mojawapo. Huwapata wanawake takriban mara mbili ya wanaume, na umaskini haumkingi mtu, unamzidishia.

Kuhofia mvua wakati dagaa wako wameanikwa ni akili timamu. Sasa mtazame mama ambaye mzigo umeuzika, rejesho la kikoba limelipwa, watoto wazima wa afya, na bado hatulii: leo ada, kesho maradhi, keshokutwa jambo asiloweza hata kulitaja. Hali hiyo ikimshika siku nyingi kwa miezi 6 au zaidi, asiweze kuizuia, usingizi ukakatika, shingo na mabega yakakaza, hapo ni ugonjwa, ndio huo wasiwasi wa jumla.

Wengi huenda zahanati wakilalamikia kichwa au tumbo, wakapimwa malaria, basi. (Wanaume wengine hujitibu kwa pombe, inayozidisha tatizo.) Tiba ipo: ushauri wa kisaikolojia, dawa, au vyote viwili. Unaweza kuanzia kituo cha afya cha karibu na kuomba rufaa. Hospitali ya Bugando, hapo Mwanza, kuna idara ya afya ya akili.